Linn Sondek LP12, Technics SL-1200 au Rega Planar 3: mashine ipi ya santuri inastahili fedha zako?

Wapenzi wa santuri wakikaa pamoja, jina la Linn Sondek LP12 halikosi kutajwa, na likishatajwa kikao hugawanyika. Wapo wanaosema baada ya hiyo hakuna nyingine. Wapo wanaosema ni kununua jina tu. Mimi nina msimamo, na nauweka mezani mapema: LP12 inastahili bei yake kwa mtu aliye karibu na fundi wa kuiweka sawa, anayesikiliza LP, zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, zaidi ya singo zenye wimbo mmoja kila upande, na anayeinunua akijua ataishi nayo miaka ishirini na zaidi. Asiye na hayo, hasa lile la fundi, atapata muziki mwingi zaidi kwa fedha kidogo zaidi kwenye Technics au Rega.

Naandika nikimfikiria msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi aliyerithi makasha ya santuri za wazee wake, na vilevile ndugu yetu aliyeko Leicester au Muscat ambaye maduka ya mashine hizi anayo jirani. Hali zao hazifanani, na jibu lao haliwezi kuwa moja.

Mashine zenyewe

LP12 ilizaliwa Glasgow, Uskoti. Jack Tiefenbrun alikuwa na karakana ya uhandisi wa vipimo vya hali ya juu, Castle Precision Engineering, na mwanawe Ivor akaanzisha kampuni ya Linn Products mwaka 1973 kwa ajili ya mashine hii. Mpaka leo inatengenezwa. Kiwanda cha sasa kiko Waterfoot, karibu na Eaglesham nje ya Glasgow, katika jengo lililochorwa na msanifu Richard Rogers na kufunguliwa mwaka 1987.

Siku zile ushauri wa kawaida ulikuwa kwamba fedha nyingi ziende kwenye spika, kwa sababu spika ndiyo inayotoa sauti. Pleya kazi yake ni kuzungusha santuri, basi. Ivor Tiefenbrun aliupindua ushauri huo. Alisema ambacho sindano haikukichukua kwenye mfereji wa santuri, hakuna amplifaya wala spika itakayokirudisha. Akawataka wauzaji wake wawe na jozi moja tu ya spika chumbani wakati wa kumsikilizisha mteja, akiamini spika nyingine zilizokaa kimya nazo hutikisika na kuchafua sauti. Njia aliyowafundisha wateja ya kupima ubora ilikuwa nyepesi: usihangaike na besi wala treble, fuatisha tu wimbo kichwani kama unayeuimba, kisha angalia ni mashine ipi inakurahisishia kuufuata. Hata usipoinunua Linn, kipimo hicho kichukue, kitakufaa dukani kokote.

Technics SL-1200 ni mtoto wa Matsushita wa Japani. Kampuni hiyo ndiyo iliyoleta sokoni SP-10 mwaka 1970, pleya ya kwanza ambayo mota inazungusha sinia la santuri moja kwa moja bila belti. SL-1200 ilifuata mwaka 1972, na mwaka 1979 ikaja Mk2, ile yenye kidhibiti cha kwatzi kinachoshika mwendo usibadilike, na kitelezi cha kuongeza na kupunguza mwendo, ambayo ma-DJ wa dunia nzima waliifanya chombo chao cha kazi. Uzalishaji ulisimama mwaka 2010 baada ya kuuzwa zaidi ya mashine milioni 3. Mwaka 2016 Technics wakarudi na mota mpya kabisa, kwanza kwa toleo maalumu la SL-1200GAE lililotengenezwa mashine 1,200, kisha SL-1200G, halafu GR mwaka 2017 na MK7 mwaka 2019.

Rega nayo ni ya mwaka 1973, ya Waingereza wawili, Tony Relph na Roy Gandy, huko Essex. Planar 3 imekuwa sokoni tangu nusu ya pili ya miaka ya 1970. Mkono wake unaobeba sindano, RB300 wa mwaka 1983, ulikuwa mzuri kwa bei yake kiasi kwamba watengenezaji wengine waliununua na kuufunga kwenye mashine zao wenyewe. Planar 3 ya sasa ina mkono wa RB330 na sinia la kioo.

Tatizo moja, dawa tatu

Mashine zote tatu zinapambana na adui mmoja, naye ni mtikisiko. Mawimbi madogo kabisa yaliyochongwa ndani ya mfereji wa santuri hayafiki hata elfu moja ya milimita. Mtikisiko wa mota, hatua za mtu anayepita sebuleni, lori linalopita barabarani, sauti ya spika yenyewe inayorudi kupitia mezani: vyote hivyo ni vikubwa kuliko kile ambacho sindano inajaribu kukisoma. Anayebuni pleya kazi yake kubwa ni kuviweka mbali na sindano.

Linn wanatumia springi. Sinia, beringi na mkono vimefungwa kwenye fremu moja ya ndani, na fremu hiyo inaning'inia kwa springi tatu chini ya bamba la chuma. Mota imefungwa kwenye bamba, nje ya springi. Kinachounganisha mota na sinia ni belti nyembamba ya mpira tu. Kwa hiyo mtikisiko wa mota na wa meza unafia kwenye springi kabla haujafika kwenye sindano.

Rega wao hawataki uzito wala springi. Wanaamini kitu kizito hutunza mtikisiko na kuuachia polepole, na kitu chepesi kilicho kigumu hakiumizi sana kwa sababu huuondoa haraka. Mashine yao unainua kwa mkono mmoja. Technics wanakwenda upande wa pili: mwili mzito, miguu inayofyonza mitikisiko, na mota yenye nguvu ambayo kidhibiti chake cha kielektroniki hakikubali mwendo upungue wala uzidi. Kwa kipimo cha kampuni yenyewe, kuyumba kwa mwendo wa GR ni asilimia 0.025, kiwango ambacho sikio halikigundui hata kwenye noti ndefu ya piano.

Springi za LP12 ndizo ubora wake na ndizo mzigo wake, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kuiweka sawa ni kazi ya fundi aliyeizoea. Mashine inafungwa kwenye jigi maalumu inayoiacha wazi kwa chini, huku sinia na mkono vikiwa juu mahali pake, kwa sababu uzito wake ndio unaozipa springi mzigo wa kweli. Fundi anakaza au kulegeza nati za springi mpaka fremu isimame sambamba na bamba la juu, na kibao cha mkono kikae katikati ya nafasi yake bila kugusa pembeni. Kisha anaibonyeza fremu kidogo kwa kidole na kuiachia. Inatakiwa ipande na kushuka wima kama pistoni, bila kuchezea upande wala kuzunguka. Ikiyumba, anaigeuza springi moja mahali ilipokaa, anajaribu tena, anageuza nyingine. Waya wa mkono unaopita chini ya fremu nao unaweza kuharibu kazi yote: ukiwa umevutwa hata kidogo unaivuta fremu, na zile springi hazina tena uhuru. Fundi mzuri humaliza muda mrefu kwenye waya huo kuliko kwenye kitu kingine chochote. LP12 iliyowekwa vibaya inaweza kupitwa na Planar 3, na hilo wanalikubali hata wanaoiabudu.

Rega unaitoa kwenye boksi, unaweka sinia, unafunga belti, unapima uzito wa sindano, unapiga muziki. Technics ni hivyohivyo, ukiongeza kufunga kichwa cha mkono. Kwa mtu wa Arusha au Bujumbura, tofauti hiyo pekee inaweza kumaliza mjadala.

Bei, na kile unachokilipia

Planar 3 mpya Uingereza iko kati ya pauni 600 na 800 hivi, kutegemea kama inakuja na sindano. SL-1200MK7 iko karibu na pauni 900 hadi 1,000, na familia ya GR ni mara mbili ya hapo. LP12 ya daraja la chini, Majik, ni pauni 4,000 na kitu. Daraja la juu, Klimax, linapita pauni 20,000. Mwaka 2023, kuadhimisha miaka 50, Linn walitoa LP12-50 iliyobuniwa pamoja na LoveFrom, kampuni ya Jony Ive aliyewahi kuwa mbunifu mkuu wa Apple. Zilitengenezwa 250 tu, kila moja pauni 50,000. Hiyo ni ya wakusanyaji, tuiache.

Kwa nini Klimax ifike huko? Kwa sababu LP12 inauzwa kama ngazi. Kila sehemu ina daraja lake na bei yake. Kisanduku cha kuendesha mota kilipita Valhalla mwaka 1982, Lingo mwaka 1990, mpaka Radikal mwaka 2009 yenye mota ya umeme wa DC. Beringi ilibadilishwa kuwa Cirkus mwaka 1993, na Karousel mwaka 2020. Fremu ya ndani, ambayo kwenye mashine ya kawaida ni bamba la chuma lililofinyangwa, kwenye daraja la juu inaitwa Keel na inachongwa kutoka pande moja la aluminiamu pamoja na kibao cha mkono. Keel peke yake inauzwa ghali kuliko SL-1200GR nzima. Hapo ndipo wakosoaji wanapopata hasira, na nawaelewa.

Ila ngazi hiyohiyo ina upande ambao wakosoaji huupita haraka. LP12 iliyonunuliwa mwaka 1975 inaweza kufungwa Karousel ya leo, Radikal ya leo, mkono wa leo. Ni nadra mwenye LP12 kuambiwa mashine yake imepitwa na spea hazipo tena. Katika ulimwengu wa vifaa vya umeme hilo ni jambo adimu mno. Televisheni ya miaka kumi haipati spea. Kampuni hii yenyewe iliacha kutengeneza pleya za CD mwaka 2009, baada ya kuingia kwenye muziki wa mtandaoni na Klimax DS mwaka 2007, lakini pleya ya santuri iliyoanza nayo haikuitupa. Kwa hiyo ukigawa bei ya Majik kwa miaka thelathini ya kuitumia, unapata kiasi kidogo kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa sharti moja, kwamba usiwe mtu wa kupanda ngazi kila kampuni inapotangaza kitu kipya. Anayepanda kila daraja hatoki hapo.

Kwa jicho la Afrika kuna jambo jingine kwenye mashine hii. Kasha la LP12 za zamani mara nyingi lilikuwa la mbao za afrormosia, mti wa misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, Kongo ikiwemo. Mti huo sasa uko kwenye orodha ya CITES ya viumbe ambavyo biashara yake hudhibitiwa, kwa hiyo ukikuta kasha la afrormosia lenye mifereji midogo iliyochongwa ubavuni, litunze hata kama ndani utabadilisha kila kitu.

Santuri zetu zinataka nini

Hapa ndipo ulinganisho wa magazeti ya Ulaya usipotusaidia sana, kwa sababu wao wanadhani kila msomaji ana LP. Makasha ya wazee wetu yamejaa singo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, wakati LP ni za 33. Muziki mwingi wa dansi wa Afrika Mashariki ulitoka kwenye singo zilizochapwa Nairobi, na muziki uliorekodiwa Dar es Salaam nao kwa sehemu kubwa ulipitia huko. Wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, kisha unageuza upate chemko upande wa pili. Ukiwa na singo za Morogoro Jazz unainuka kila baada ya dakika chache, na ukitaka kupachika LP ya Kongo katikati unabadilisha mwendo. Nyuma zaidi kuna santuri za 78, zile za taarabu ya zamani. Siti binti Saad alianza kurekodi Bombay mwaka 1928, na rekodi zake ni za mwendo huo.

Sasa angalia mashine. LP12 ilizaliwa ikiwa ya 33 tu. Ili ipige 45 ulitakiwa kuondoa sinia na kuvisha kipachikio kwenye puli ya mota; kubadilisha kwa kitufe kulikuja na Lingo, na Radikal nayo inacho. Haipigi 78 kabisa. Planar 3 inapiga 33 na 45, lakini bila kisanduku cha ziada cha Neo unainua sinia na kuhamisha belti kwa kidole kila unapobadilisha. GR na MK7 zinapiga 33, 45 na 78 kwa kitufe.

Halafu kuna sindano. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana sana kuliko wa LP. Sindano ya LP ikiwekwa humo inaburura chini kwenye vumbi, sauti inakuwa ya kukwaruza, na yenyewe inaumia. Unahitaji sindano yake maalumu. Mkono wa Technics una kichwa kinachofunguliwa kwa kukizungusha pete, kwa hiyo unaweka vichwa viwili, kimoja cha LP na singo, kingine cha 78, unabadilisha kwa nusu dakika na kurekebisha uzito. Mikono ya sasa ya Rega na ya Linn haina kichwa cha kufunguka. Kubadilisha sindano huko ni bisibisi, waya nne nyembamba na nusu saa ya kupima upya.

Kwa hiyo mwenye kasha la singo na 78 kadhaa, nampeleka Technics bila kusitasita. Simpeleki kwa sababu ya bei. Hata akiwa na fedha za Klimax ningemwambia anunue GR, na kiasi kinachobaki akipeleke kwenye sindano nzuri, mashine ya kuoshea santuri, na santuri zenyewe. Maduka na vibanda vya santuri Nairobi bado vipo, Tom Mboya Street na Kenyatta Market, na singo chafu iliyooshwa vizuri hupata uhai ambao hakuna Keel itakayoipa.

Umeme, sakafu na hewa ya bahari

Tahadhari hii isomwe na kila anayenunua mashine ya mtumba kutoka ng'ambo. Mota ya LP12 ya zamani ni ya AC, na mwendo wake unafuata marudio ya umeme, yaani Hz, badala ya volti. Kwetu umeme ni volti 230 hadi 240 na Hz 50, sawa na Uingereza na Oman. Marekani ni volti 120 na Hz 60. Ndugu akikutumia kutoka Marekani LP12 ya zamani isiyo na Valhalla wala Lingo, ukainunulia transfoma ya kushusha volti, itawaka na kuzunguka vizuri, lakini santuri ya mizunguko 33 itakwenda kama 28, na mwimbaji atasikika kama anaimba usingizini. Transfoma haibadilishi Hz. Itabidi ubadilishe puli ya mota, au ununue kisanduku kinachotengeneza marudio yake chenyewe. Planar 3 isiyo na Neo nayo inategemea Hz za ukutani. Na wote mnaowasha jenereta ndogo umeme ukikatika mjue kwamba marudio ya jenereta huyumba friji ikishika, na wimbo unayumba nayo. Technics yenye kwatzi haijali hata kidogo. Yenyewe inahitaji tu volti inayolingana na mashine.

Sakafu, kwa upande mwingine, inatubeba. Nyumba nyingi za Uingereza zina sakafu za mbao zinazodunda, na LP12 juu ya sakafu hiyo hurusha sindano mtu akipita, ndiyo maana wengi huifunga kwenye rafu ya ukutani. Sakafu ya saruji ya Temeke au Kisauni haidundi. Mashine ya springi inakaa vizuri sana kwenye meza nyepesi na imara juu ya saruji, na moja ya kero kubwa za wenye nayo Ulaya huku haipo.

Hewa ya pwani ndiyo isiyosamehe. Chumvi na unyevu hula springi, nati na bamba la chuma, na joto hulegeza belti za mpira. Anayeishi Zanzibar au Tanga akae na belti ya akiba nyumbani, na mashine aifunike. Technics, ambayo haina belti wala springi za kuning'iniza, ina vitu vichache vya kuozeshwa.

Masikio yanasema nini

Je, LP12 inasikika vizuri kuliko hizo nyingine? Iliyowekwa sawa, ndiyo, kwa namna moja ninayoipenda kwa dhati: ala zinaachana. Gitaa la pili, lile la kujaza, ambalo kwenye mashine nyingi limezama chini ya sauti ya mwimbaji, unaweza kulifuata tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Besi ina mdundo unaokuinua kitini. Zile za zamani zilikuwa na besi ya juu iliyonenepa kidogo, tamu lakini si ya kweli sana. Tangu Cirkus na kuendelea unene huo umepungua mno. Technics ni thabiti, wazi, haina pambo. Noti ndefu za kinanda na sauti za kuvuta hazitetereki. Planar 3 ni nyepesi na ya haraka, besi yake haina uzito wa hizo mbili, na kwa bei yake hakuna haki ya kudai zaidi.

Ukubwa wa tofauti hizo usitiwe chumvi. Mwaka 1984 jarida la Boston Audio Society la Marekani lilichapisha taarifa ya jaribio ambalo Ivor Tiefenbrun mwenyewe alikubali kushiriki. Kifaa cha Sony cha kidijitali kiliingizwa na kutolewa kwenye njia ya sauti bila yeye kuambiwa, na hakuweza kukitambua kwa uhakika. Hakuna aibu katika hilo, na kukubali kupimwa hadharani ni ujasiri. Ila anayekuambia kwamba atatambua badiliko la nati moja akiwa jikoni, usimpe fedha zako kwa neno lake. Sikiliza mwenyewe, kwa santuri yako, na kama muuzaji anakataa uje na santuri yako, toka.

Nani anunue ipi

Aliye Leicester, Glasgow au London, ana LP za kutosha, na yuko karibu na muuzaji anayejua kazi: nunua LP12, lakini ya mtumba. Mashine ya miaka ya 1980 yenye mkono wa Basik au Ittok hupatikana kwa pauni 800 hadi 1,500 hivi. Tenga mia kadhaa za kumpa fundi, na baadaye, kama fedha ipo, ifunge Karousel. Hapo umeshapata sehemu kubwa ya kile ambacho LP12 inacho. Keel na Radikal zinaongeza, nimezisikia na sizikatai, ila kila hatua inagharimu zaidi na kukupa kidogo zaidi. Majik mpya ni ya anayetaka dhamana na asiyetaka kuhangaika na mtumba. Klimax ni ya mwenye fedha ambazo hazina kazi nyingine.

Aliye Dar, Mombasa au Kampala: Technics, kwa sababu zote nilizozieleza. MK7 inatosha, GR ni bora kwa utulivu wa beringi na mota. Mk2 ya mtumba Uingereza ni pauni 400 hadi 700, ila nyingi zimefanya kazi ya disko usiku kucha kwa miaka, kwa hiyo shika mkono wake taratibu kati ya vidole viwili uone kama unacheza kwenye kiungo chake. Ukicheza, iache.

Anayeanza, asiye na hakika kama penzi hili litadumu: Planar 3, kwa masharti kwamba anasikiliza LP zaidi. Haitamtia hasara akiiuza.

Na kama moyo umeshikwa na LP12 hata baada ya hayo yote, na uko Afrika Mashariki, basi ifanye hivi. Nunua yenye Lingo, si Valhalla. Makondensa ya Valhalla hupata moto na kuzeeka, na nyingi zilizobaki zinahitaji kubadilishiwa. Uliza kama kasha lina kona zilizoimarishwa, kama lilivyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1980. Omba picha za chini, bamba likiwa limefunguliwa, uone kutu. Iwekwe sawa hukohuko ilikonunuliwa kabla ya kufungwa, na fundi apige picha urefu wa kila springi na njia ya waya wa mkono. Sinia la nje litoke na lisafiri peke yake kwenye boksi lake, mkono ufungwe, na kati ya fremu na bamba pawekwe makaratasi magumu ili springi zisicheze njiani. Ije kama mzigo wa mkononi wa mtu unayemjua, sinia likiwa kwenye begi la ndege, wala isipitie kontena la bandarini. Ikifika, kabla hujagusa nati yoyote, linganisha na zile picha.